Miaka 20 kabla ya mgonjwa kufika

Mwezi uliopita daktari kijana ninayemsimamia katika mafunzo yake aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, lakini yeye aliliuliza kwa namna iliyonifanya nishindwe kumjibu palepale. Alitaka kujua ilikuwaje mtu aliyesomea upasuaji kwa miaka mingi, akawa na wodi yake na wagonjwa wake, akaiacha meza ya upasuaji na kwenda kushughulika na chanjo, takwimu na vikao vya sera. "Mwalimu," alisema, "mgonjwa uliyempasua akapona unamwona akitoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Huyu uliyemkinga asiugue utamwona wapi?" Nilimwomba anipe muda nimjibu kwa maandishi. Haya ndiyo majibu yangu, na ninayaweka hapa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa nne wodini nilipompokea mama mmoja wa makamo aliyekuwa akivuja damu kwa miezi kadhaa. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye mlango wa kizazi, ikasambaa mpaka kwenye kuta za nyonga, na figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa kazi kwa sababu uvimbe ulikuwa umeibana mirija inayoshusha mkojo. Kwa daktari wa upasuaji hapakuwa na cha kukata. Tungeweza kumpunguzia maumivu, kumwongezea damu na kumpeleka kwenye tiba ya mionzi ili uvujaji upungue, lakini kumponya hatukuweza, na yeye alilitambua hilo kabla sijalisema. Aliniuliza swali moja tu: "Daktari, nilipaswa kuja lini?" Nikamjibu kwamba angalikuja miezi sita mapema, pengine mwaka mmoja, mambo yangalikuwa tofauti.

Jibu lile lilininyima usingizi kwa sababu halikuwa la kweli. Tangu maambukizi sugu ya virusi vya papiloma, ambavyo wengi wanavifahamu kwa kifupi cha HPV, mpaka saratani iliyokomaa, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake iko imara, na miaka 5 hadi 10 kwa yule ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano kwa sababu ya maambukizi ya VVU yasiyotibiwa. Asubuhi nilirudi kitandani kwake nikamwuliza habari za maisha yake, nikakuta kwamba katika muda wote ambao ugonjwa ulikuwa ukijijenga kimyakimya, yeye alikuwa ameingia kliniki mara nyingi mno: mimba nne, kujifungua, chanjo za watoto, uzazi wa mpango. Kila mara mhudumu wa afya alimpima shinikizo la damu, akampima uzito, akaandika kwenye kadi, akamruhusu aende. Hakuna hata mmoja aliyeutazama mlango wake wa kizazi, wala hapakuwa na utaratibu uliomtaka afanye hivyo, na mimi mwenyewe ningalikuwa zamu siku hizo nisingeutazama. Jibu sahihi kwa swali lake lilikuwa kwamba alikuja kwa wakati, tena mara nyingi, na sisi ndio tuliomwacha aondoke. Alipelekwa kwenye tiba ya mionzi siku iliyofuata, na sikupata tena nafasi ya kumwambia hivyo.

Sikuiacha wodi mwezi ule wala mwaka ule. Lakini tangu siku hiyo kila mgonjwa aliyeletwa mbele yangu nilijikuta nikimhesabia miaka kwa kurudi nyuma. Mzee mwenye saratani ya mapafu, nilirudi miaka 30 au 40 mpaka kwenye pakiti yake ya kwanza ya sigara. Kijana wa miaka 38 mwenye saratani ya ini, nilirudi mpaka siku aliyozaliwa, kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B vinavyomwingia mtoto wakati wa kuzaliwa au katika miezi ya mwanzo hubaki mwilini mwake maisha yote kwa takriban watoto 9 katika kila 10. Fundi aliyefanya kazi na asbesto, ambaye utando wa mapafu yake ulikuwa umeshambuliwa, nilirudi miongo mitatu au zaidi mpaka kwenye karakana ambayo pengine ilikwisha kufungwa. Umri wa kazi wa daktari ni kama miaka 35. Ugonjwa huu, tangu chanzo chake mpaka dalili zake, mara nyingi hula muda huo wote. Anayeamua kufanya kazi ya kuuzuia anakubali tangu mwanzo kwamba ataikuta kazi imeanzwa na wengine na ataiacha kabla haijaisha, na nadhani jambo hili ndilo linalowatisha madaktari vijana kuliko mshahara au umbali na wagonjwa, ingawa wachache hulisema wazi.

Historia ya fani hii imejaa mifano ya urefu huo. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba wanaume waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya korodani, na akaihusisha na masizi yaliyojikusanya kwenye mikunjo ya ngozi. Hakujua ni kitu gani ndani ya masizi kinachodhuru. Kemikali yenyewe ilikuja kutambuliwa katika lami ya makaa ya mawe miaka ya 1930. Ila kwa kumzuia mtoto asipandishwe ndani ya bomba la moshi, hapakuhitajika kuijua kemikali hiyo. Uingereza ilipitisha sheria zaidi ya moja kuhusu watoto hao na zikapuuzwa, mpaka ile ya mwaka 1875 ilipolazimisha wasafishaji kuwa na leseni na polisi kuisimamia. Miaka 100 kamili ilipita kati ya maelezo ya Pott na sheria iliyofanya kazi. Kila ninapofundisha somo hili huwaomba wanafunzi wasikimbilie kuwalaumu watu wa zamani, bali wataje jambo moja ambalo leo tunajua linasababisha saratani na bado tumeliacha liendelee. Hawakosi la kutaja.

Wengi hutaja tumbaku, na wana haki. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill nchini Uingereza, na katika mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham nchini Marekani, walichapisha tafiti zilizoonyesha uhusiano mkubwa kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Graham alikuwa bingwa wa upasuaji wa kifua na mvutaji wa miaka mingi. Aliacha sigara baada ya kuona matokeo ya utafiti wake mwenyewe, lakini alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mwaka 1951 Doll na Hill waliwaandikia barua madaktari wa Uingereza kuwauliza kuhusu uvutaji wao, kisha wakaanza kuwafuatilia. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kwa miaka 50, na ripoti ya nusu karne ilipotoka mwaka 2004 Hill alikuwa amefariki miaka 13 nyuma, na Doll aliyekuwa akiisaini alikuwa na umri wa miaka 91.

Ripoti hiyo ndiyo niliyoitumia kuliko nyingine yoyote katika chumba cha ushauri. Inaonyesha kwamba mvutaji wa kudumu hupoteza wastani wa miaka 10 ya maisha, na kwamba anayeacha akiwa na miaka 60 hurudishiwa takriban miaka 3, akiacha na miaka 50 hurudishiwa 6, akiacha na miaka 40 hurudishiwa 9, na akiacha na miaka 30 hurudishiwa karibu yote. Nimewaona wazee walioingia wakiwa wamekata tamaa, wakiamini kwamba maji yamekwisha kumwagika, wakinyoosha mgongo kitini waliposikia kwamba hata kwao bado kuna kitu cha kuokoa. Mtu ambaye amehubiriwa madhara ya sigara kwa miaka 40 hahitaji kuhubiriwa tena, lakini mara nyingi hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hajachelewa.

Hata hivyo lazima niseme ukweli kuhusu mizani ya kazi. Saa zote nilizokaa na wavutaji mmojammoja, ukizijumlisha kwa miaka yote, hazifikii nguvu ya uamuzi mmoja wa kupandisha kodi ya tumbaku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi zenye kipato cha juu na takriban asilimia 5 katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa Mei 2003 na kuanza kutumika Februari 2005, umeyaweka mambo haya wazi: kodi, maonyo kwenye pakiti, marufuku ya matangazo, sehemu za umma zisizo na moshi. Nimekaa katika vikao ambamo hoja ilikuwa kwamba kodi hiyo inamwonea maskini. Naipinga hoja hiyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu maskini ndiye anayepunguza au kuacha zaidi bei inapopanda, na maskini ndiye ambaye ugonjwa wake huishia kuuza mali ya nyumba nzima.

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwahi kumweleza kijana yule, nalo ndilo lililonifundisha zaidi kuliko vitabu.

Katika miaka yangu ya mwanzo nje ya wodi niliongoza kampeni ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa njia ya siki. Ni njia rahisi: mhudumu aliyefunzwa hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, na penye mabadiliko ya awali ya seli panageuka kuwa peupe. Haihitaji maabara, na majibu hupatikana mama akiwa bado pale. Wanawake walijitokeza kwa wingi kuliko tulivyotarajia, wakapanga foleni tangu alfajiri, na sisi tukafurahia foleni ile kana kwamba ndiyo mafanikio yenyewe. Mashine ya kugandisha sehemu yenye mabadiliko tulikuwa nayo, lakini gesi yake iliisha siku ya pili na nyingine haikufika. Waliobainika kuwa na mabadiliko tuliwaandikia barua za rufaa, tukawaeleza kwa upole waende hospitali kubwa, tukaendelea na foleni. Ripoti yetu ya mwisho ilitaja idadi ya waliochunguzwa, na ilisifiwa.

Miaka michache baadaye nilikuwa nimealikwa wodini kutoa maoni kuhusu mgonjwa, nikaambiwa kwamba kuna mama mwingine kitanda cha pili angependa kuniona. Alinikumbuka. Akafungua mkoba wake akatoa barua ya rufaa, imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka karatasi inakaribia kuachana, na saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu. Alikuwa amekwenda hospitali mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mtaalamu hayupo, mara ya pili alipewa tarehe ya mbali, na tarehe ilipofika alikuwa anamwuguza mama yake mzazi. Hakunilaumu, na kutolaumu kwake kuliniumiza kuliko lawama yoyote. Alichotaka ni kunionyesha kwamba aliitunza.

Mwaka 1968 James Wilson na Gunnar Jungner, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, waliweka kanuni 10 za kuamua kama uchunguzi wa watu wasio na dalili unafaa kuanzishwa, na miongoni mwazo ni kwamba lazima kuwepo tiba inayokubalika na huduma za kuithibitisha na kuitoa. Nilikuwa nimezisoma kanuni hizo, na nilizijibu vizuri kwenye mtihani. Tangu siku ya barua ile sijawahi kukubali kuanzisha uchunguzi mahali popote kabla sijaiona kwa macho yangu njia yote, kuanzia meza ya kupima mpaka kwenye tiba: nani atamtibu, lini, kwa gharama ya nani, na nani atampigia simu asipofika. Wafadhili wawili walikwisha kuniona mkaidi kwa sababu hiyo, na sikubadili msimamo. Kumwambia mtu aliyeingia akiwa mzima kwamba ana hatari mwilini, kisha kumwacha abebe habari hiyo peke yake, ni madhara ambayo sisi madaktari tunayasababisha kwa mikono yetu.

Kuna madhara mengine ya uchunguzi ambayo ni magumu zaidi kuyaeleza, kwa sababu yanakwenda kinyume na kile ambacho kila mtu anakihisi kuwa kweli, yaani kwamba kugundua mapema daima ni bora. Huwaeleza wanafunzi hivi. Wasafiri wawili wamelala ndani ya gari moja linaloelekea mahali pamoja. Mmoja anaamshwa saa nane usiku na mwingine saa kumi na moja alfajiri, na gari linafika saa kumi na mbili. Ukiwauliza walikaa macho muda gani, wa kwanza atasema saa nne na wa pili saa moja, lakini wote wamefika wakati uleule. Mgonjwa aliyegunduliwa mapema ataonekana ameishi muda mrefu zaidi na ugonjwa wake hata kama tarehe ya kifo haikusogea hata siku moja. Ndiyo maana siwezi kuridhika na takwimu za walioishi miaka mitano baada ya kugunduliwa. Nauliza kama vifo vimepungua katika jamii nzima, kwa kuwalinganisha watu waliochunguzwa na wale ambao hawakuchunguzwa.

Korea Kusini ilipata funzo hili kwa gharama kubwa. Vipimo vya picha vya shingo vilipoenea na kuwa vya bei nafuu, saratani ya tezi ya thairoidi iligunduliwa mwaka 2011 kwa kiwango cha takriban mara 15 ya kile cha mwaka 1993, na vifo vilivyotokana na ugonjwa huo havikubadilika. Maelfu kwa maelfu ya watu waliondolewa tezi na kubaki wakimeza dawa maisha yao yote kwa ajili ya uvimbe ambao, kwa wengi wao, usingaliwadhuru kamwe. Japani nayo ilikuwa ikiwapima mkojo watoto wachanga wa miezi sita ili kugundua saratani ya chembe za neva, ikagundua watoto wengi, na mwaka 2003 ikaamua kusitisha mpango huo baada ya tafiti za kwingineko kuonyesha kwamba upimaji wa namna hiyo haupunguzi vifo. Ninaiheshimu sana serikali inayoweza kuusitisha mpango wake yenyewe.

Somo hilohilo la unyenyekevu lilitokana na vidonge. Katika miaka ya 1980 wengi tuliamini kwamba beta-karotini, ambayo ipo kwenye mboga na matunda, ingewakinga wavutaji dhidi ya saratani ya mapafu. Jaribio lililofanyika Finland kwa wanaume wavutaji 29,133 lilitoa majibu mwaka 1994: waliopewa vidonge walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Jaribio jingine nchini Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati, Januari 1996, kwa sababu lilionyesha madhara ya namna hiyohiyo. Anayemtibu mgonjwa mahututi anaweza kujipa ruhusa ya kujaribu. Anayempa kidonge mtu mwenye afya hana ruhusa hiyo, na kipimo chake cha ushahidi lazima kiwe kigumu zaidi.

Baada ya kusema hayo, naomba nisieleweke kwamba nimechoka au nimekata tamaa, maana kuna upande wa kazi hii unaonifanya niamke mapema hata sasa. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga wote dhidi ya homa ya ini aina ya B katikati ya miaka ya 1980, kwanza wale waliozaliwa na mama wenye virusi na kisha wote, na katika muda wa kama miaka kumi saratani ya ini kwa watoto ikaanza kupungua waziwazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona chanjo ikizuia saratani. Chanjo ya virusi vya papiloma ilifuata. Harald zur Hausen na wenzake walivitambua virusi vya aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, katika wakati ambao wengi hawakukubaliana naye, na chanjo ikaidhinishwa mwaka 2006. Nchini Sweden wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 88. Nchini Uingereza waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walikuwa na upungufu wa asilimia 87. Kisha mwaka 2024 ikatoka taarifa ya Scotland: kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na umri huo wa miaka 12 au 13, hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata saratani ya mlango wa kizazi. Nilipoisoma niliweka karatasi mezani, nikatoka nje, nikasimama kwa muda. Nilikuwa nikimfikiria mama wa wodini.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha kwa mara ya kwanza ya kuitokomeza saratani moja kama tatizo la afya ya jamii: ifikapo mwaka 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na miaka 45, na asilimia 90 ya waliobainika kuwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Mwaka 2022 shirika hilo likakubali kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, uamuzi uliorahisisha mambo mengi, kwa sababu msichana aliyepatikana mara moja si lazima apatikane mara ya pili. Angalieni kwamba shabaha ya tatu, ile ya tiba, imo. Mtu aliyeiweka hapo alikwisha kuelewa kile ambacho mimi nilikielewa kwenye mikunjo ya barua.

Kuhusu chanjo, kazi kubwa imekuwa mazungumzo na wazazi. Zamani mama akiniuliza kama chanjo hii itamfanya binti yake awe tasa, nilimjibu haraka kwa takwimu, kisha nikashangaa kwa nini harudi. Siku hizi humwuliza kwanza amesikia nini, kutoka kwa nani, na humwacha amalize. Mara nyingi chini ya swali la utasa kuna swali jingine, kwamba je, tunamwambia binti yake kwamba ni wakati wa kuanza mambo ya watu wazima? Nikilifikia hilo naweza kumweleza kwamba tunachanja mapema kwa sababu chanjo hukinga na haitibu, kwa hiyo lazima itangulie virusi kwa muda mrefu, na kwamba umri huo hauhusiani na tabia ya mtoto wake. Wengine hukubali, wengine huomba kwenda kushauriana nyumbani, na wapo wanaokataa. Ninawaachia mlango wazi.

Kuna kosa moja la fani yetu ambalo nalipiga vita kila ninapopata nafasi. Tumezungumza sana kuhusu sigara, pombe, uzito, na sumukuvu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, mpaka mgonjwa wa saratani anajiona mshtakiwa. Nilimwona mama aliyepata saratani ya mapafu na hakuwahi kuvuta sigara hata moja, na kila aliyemtembelea alimwuliza alikuwa akivuta kwa muda gani. Kati ya saratani zote, zile ambazo zingezuilika kwa maarifa tuliyonayo leo zinakadiriwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50. Hilo ni fungu kubwa, maana mwaka 2022 watu karibu milioni 20 waligundulika kuwa na saratani duniani na milioni 9.7 walifariki. Lakini zilizobaki ni nyingi pia, zinatokana na mambo ambayo hakuna aliyeyachagua, na hata zile zinazozuilika mara nyingi mgonjwa hakuwa na uwezo wa kuchagua hewa anayovuta, kazi anayofanya au chakula kilichopo. Kwa sababu hiyo huwa siungi mkono wale wanaotaka fedha za kinga zitolewe kwenye bajeti ya tiba. Barua ya rufaa isiyo na tiba mbele yake nimekwisha kuiona.

Siku za kawaida za kazi hii hazina mengi ya kusimulia. Asubuhi kadhaa kwa wiki nakaa na karani wa sajili ya saratani, tukichambua majina yaliyoandikwa kwa namna mbili ili mgonjwa mmoja asihesabiwe kama wawili, tukitafuta tarehe iliyokosekana, tukipiga simu maabara. Hakuna aliyewahi kumletea karani huyu zawadi ya shukrani. Bila yeye, hata hivyo, nisingejua kama chochote nilichokifanya kwa miaka 20 kimesogeza kitu, wala wale wa Scotland wasingeweza kuandika sentensi ile.

Nimebakiza miaka miwili ya kazi. Wasichana wa kwanza tuliowachanja sasa wanakaribia umri ambao saratani ya mlango wa kizazi huanza kuonekana, na majibu kuhusu kundi lao yatatoka nikiwa nimekwisha kustaafu. Nilipokwisha kuandika mpaka hapa nilimwita daktari yule nikampa karatasi asome. Alisoma kimya, akauliza orodha ya wanawake waliobainika kuwa na mabadiliko mwezi uliopita iko wapi. Ilikuwa mezani kwangu. Sita walikuwa bado hawajarudi kutibiwa. Tuligawana majina, matatu kwake na matatu kwangu, tukaanza kupiga simu. Wanne walipokea. Wa tano simu yake ilikuwa imezimwa, na wa sita namba ilikuwa si yake tena, hivyo tukamwandikia mhudumu wa afya wa eneo lake amtafute kesho asubuhi.